Kompyuta Iliyowaka kwa Fundi na Kugoma Nyumbani

Mwaka 2017 nilinunua kompyuta ya mezani ya mtumba, iliyoundwa mwaka 2012, na kwa miaka sita niliitumia nyumbani kwangu Kihonda, Morogoro, hasa kwa kutunza hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ambacho mimi ni mweka hazina wake. Tuko wanachama 28. Hisa za kila mmoja, mikopo, marejesho, faini na mfuko wa jamii vyote vilikuwa ndani ya faili moja la Excel, na kila Jumamosi tulipokutana barazani kwangu niliingiza makusanyo ya siku na kuchapa risiti papo hapo, kila mwanachama akaondoka na yake mkononi. Kwa hiyo mashine hiyo ilipogoma kuwaka mwezi Novemba 2023, wiki nne kabla ya kugawana fedha za mwaka, kilichoninyima usingizi si bei ya kompyuta bali jasho la watu 28 lililokuwa ndani yake.

Wengi mtakumbuka kwamba kuanzia Septemba mwaka huo nchi ilikuwa katika mgao wa umeme, na nafuu ilianza kuonekana baada ya mtambo wa kwanza wa bwawa la Mwalimu Nyerere, wenye uwezo wa megawati 235, kuanza kazi Februari 2024. Katika miezi hiyo umeme uliporudi mara nyingi ulirudi kwa kishindo, na friji ya jirani yangu iliungua jioni moja kwa namna hiyo. Tangu siku ile nikajiwekea utaratibu: kila usiku kabla ya kulala, na kila mara umeme ulipokatika mchana, nilichomoa plagi ya kompyuta ukutani. Utaratibu huo ulikuwa wa busara, na hadi leo siujutii, lakini ndio uliofichua ugonjwa uliokuwa umejificha ndani ya mashine kwa muda mrefu, na ilinichukua zaidi ya wiki mbili kuona uhusiano wa mambo hayo mawili.

Dalili ya kwanza ilikuja nami sikuitambua. Jumamosi ya tarehe 11 Novemba mwanachama mmoja alinijia na risiti ya mkutano uliotangulia, ameikunja mara nne na kuihifadhi ndani ya khanga. Akaikunjua mezani, akaweka kidole kwenye tarehe na kusema, "Mama mweka hazina, hebu niangalizie hapa. Hapa pameandikwa tarehe 1 Novemba, na tarehe 1 mimi nilikuwa Dodoma kwenye msiba. Mtu akiikagua risiti hii atasema hela hii nililipaje?" Nilitazama na kweli, risiti aliyoipokea mbele yangu Jumamosi ya tarehe 4 ilikuwa imebeba tarehe ya siku tatu nyuma, na zote nilizochapa siku ile zilikuwa hivyo hivyo, kwa kuwa fomula ya risiti huchukua tarehe kutoka saa ya kompyuta. Nikasahihisha kwa kalamu, nikatia saini pembeni, nikarudisha saa ya kompyuta mahali pake na kujiambia kwamba bila shaka niliigusa kwa bahati mbaya. Laiti ningejiuliza kwa nini saa ilichelewa siku tatu kamili, badala ya kuisogeza mbele tu, huenda nisingepitia yaliyofuata.

Ijumaa ya tarehe 17 umeme ulikatika saa tatu asubuhi na kurudi saa moja jioni. Nikachomeka plagi, nikabonyeza swichi, feni ikazunguka kama kawaida, nembo ya mtengenezaji ikatokea, kisha badala ya Windows nikaona skrini ya bluu yenye uso wa huzuni na chini yake maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Kompyuta ikajizima na kujiwasha tena, ikarudi kwenye bluu ile ile, na baada ya hapo ikasema inajaribu kujirekebisha yenyewe. Baada ya dakika kadhaa ikakiri kwamba haikuweza, ikaniletea orodha ya hatua za kuchagua, mojawapo ikiwa ni kuirudisha kompyuta katika hali ya upya. Mkono wangu ulikuwa juu ya kipanya na mshale ulikuwa juu ya chaguo hilo. Nashukuru kwamba nilisita, kwa sababu nakala ya mwisho ya faili la kikundi niliyokuwa nayo kwenye flashi ilikuwa ya mwezi Agosti.

Mkutano wa kesho yake niliuendesha kwa daftari, na Jumatatu nikapakia sipiyu kwenye bajaji na kuipeleka kwa fundi mjini. Jumatano nilipoifuata ilikuwa imewaka juu ya meza yake, Windows imefunguka na mafaili yangu yote yapo. Fundi, kijana mpole na mwenye heshima, aliniambia, "Mama, ni Windows tu ilikorofishwa na umeme kukatika. Nimeiweka sawa, haina shida tena." Nilimlipa shilingi 15,000, nikarudi na bajaji ile ile, nikaunganisha nyaya na kuwasha. Skrini ya bluu ikaja, na maneno yale yale.

Sijui kama kuna jambo linalochosha akili kuliko mashine inayofanya kazi kwa fundi na kugoma nyumbani. Mtu huanza kuishuku nyumba yake. Nilidhani barabara ya Kihonda ndiyo iliyotikisa nyaya za ndani, nikafungua ubavu wa sipiyu na kubana kila waya niliouona. Nikahamisha plagi kutoka ekstensheni hadi kwenye soketi ya jikoni, nikaazima waya wa umeme wa jirani, nikachomoa printa na kila kilichokuwa kimechomekwa kwenye USB, lakini hali haikubadilika. Sasa naona kwamba kasoro ya siku ile ilikuwa moja: nilikuwa nabadilisha vitu vinne au vitano kwa pamoja bila kuandika chochote, kiasi kwamba hata kama kimojawapo kingesaidia nisingejua ni kipi.

Kesho yake niliirudisha, na safari hii sikuiacha, nilisimama pale pale. Fundi alipoiwasha, ikagoma hata kwake. Ndipo nikamwona anabonyeza F2, akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya BIOS, programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, ambao sikuwahi kuuona tangu niinunue kompyuta ile, akateremka hadi sehemu ya diski, akabadilisha neno IDE kuwa AHCI, akahifadhi kwa F10, na Windows ikafunguka mara moja. "Ndicho ulichofanya juzi?" nikamuuliza. "Ndiyo, mama. Mashine yako inasahau mipangilio. Nadhani diski imechoka. Ukinunua mpya nitakupigia Windows upya na utasahau tabu hizi." Nilimwomba anioneshe tena hatua kwa hatua, naye alinionesha bila kinyongo, nami nikapiga picha ya kila ukurasa kwa simu. Sina la kumlaumu. Aliijua tiba ya dalili, na katika karakana yake mashine ikishachomekwa haichomolewi hadi mwenyewe anapoifuata, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya kuiona ikirudia.

Lakini neno lake "inasahau" lilinikaa kichwani njia nzima. Diski ikichoka, nilijiuliza, hupoteza vilivyoandikwa ndani yake. Sasa neno AHCI limeandikwa kwenye diski, au limeandikwa mahali pengine?

Nilianza kwanza na kile kilichonitia hofu zaidi. Ijumaa ya tarehe 24 nilimwomba mwalimu mmoja jirani yangu laptopu yake na waya wa kuunganishia diski kupitia USB. Tukafungua sipiyu ikiwa imechomolewa, tukatoa diski na kuiunganisha na laptopu. Ilifunguka ndani ya sekunde chache. Nikanakili folda nzima ya kikundi kwenye flashi mbili, nikafungua faili la Excel pale pale na kulinganisha salio la kila mwanachama na daftari, mstari kwa mstari, yote yakakubaliana. Jambo hilo lilinipa mawili kwa mpigo: fedha za watu zilikuwa salama, na shutuma dhidi ya diski ilidhoofika sana, kwa sababu diski inayokataa kusomeka ndani ya kompyuta moja na kusomeka vizuri kwenye nyingine haielekei kuwa yenye kosa. Yeyote anayekutana na hitilafu ya namna hii namsihi aanze hapo. Kabla ya kupiga Windows upya, kabla ya kununua chochote, toa mafaili yako kwanza; ukishayatoa, utafikiri kwa utulivu, na hutakubali ushauri wa kwanza kwa sababu ya woga tu.

Nilirudisha diski mahali pake, nikafuata picha za kwenye simu, nikabadilisha IDE kuwa AHCI kwa mkono wangu mwenyewe, na kompyuta ikawaka nyumbani kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima. Sasa nilikuwa na uwezo wa kuifufua kila itakapogoma, na hilo liliniwezesha kuichunguza badala ya kuiogopa.

Hapa naomba nieleze maana ya maneno hayo mawili, kwa kuwa ndiyo yaliyozaa skrini ya bluu. IDE na AHCI ni namna mbili za kompyuta kuzungumza na diski yake. IDE ni ya zamani, ilitoka miaka ya 1980, na AHCI ilikuja mwaka 2004. Kompyuta za rika la ile yangu zilikubali zote mbili, na watengenezaji wengine waliziacha kwenye IDE kama chaguo la kuanzia kwa sababu Windows XP ya mwaka 2001 haikuja na programu ya kuielewa AHCI. Aliyeniwekea Windows alikuwa ameichagua AHCI, na Windows hujiandaa kuamka na namna ile iliyoikuta siku ya kuwekwa. Ukiibadilishia ghafla, huanza kuamka, hufika mahali pa kuifikia diski, haioni njia iliyoizoea, na husimama hapo na kulalamika kwamba kifaa cha kuwashia hakifikiki. Kwa maneno mengine ujumbe ule ulikuwa wa kweli kabisa, ila ulieleza mahali Windows ilipokwama, haukueleza ni nani aliyebadilisha njia usiku. Mimi na fundi tulisoma neno la diski tukaenda moja kwa moja kwenye diski.

Nilichofanya baada ya hapo ni kile ninachokifanya hesabu za kikundi zinapokataa kulingana. Nilichukua daftari la kurasa 96, nikachora safu tano: siku, saa niliyowasha, plagi ilichomolewa au la, saa ya kompyuta ilisema nini ikilinganishwa na simu, na kilichotokea. Kuanzia Jumamosi tarehe 25 Novemba hadi Jumapili tarehe 3 Desemba nikaiwasha kila asubuhi na kuandika, bila kubahatisha sababu yoyote. Usiku mwingine nilichomoa plagi, usiku mwingine nikaizima tu kwa njia ya kawaida na kuiacha imechomekwa.

Kwa siku nne za kwanza mambo yalijipanga yenyewe. Asubuhi zilizofuata usiku wa kuchomoa, iligoma, na nilipoingia kwenye BIOS nilikuta tarehe inasomeka 1 Januari 2012 na saa ndiyo kwanza inaanza kuhesabu kutoka usiku wa manane. Asubuhi zilizofuata usiku wa kuiacha kwenye umeme, iliwaka vizuri na saa ilikuwa sawa na ya simu. Nikaanza kuamini kwamba nimepata jibu. Ndipo ukaja mstari wa tano, Jumatano ya tarehe 29: plagi haikuchomolewa, kompyuta imegoma, tarehe imerudi 2012.

Mstari huo mmoja uliniharibia hesabu yote, na nakiri kwamba nilishawishika kuuona kama bahati mbaya na kuendelea na nadharia yangu. Lakini mweka hazina anayepuuza shilingi mia moja isiyoonekana leo, kesho atapuuza elfu kumi. Nilishinda nao mchana kutwa. Jioni nilikwenda kwa mama anayeuza vitumbua mtaani kwetu, ambaye huamka saa tisa usiku kuandaa biashara yake, na katika mazungumzo akalalamika kwamba usiku uliopita alikoroga unga kwa mwanga wa tochi ya simu kwa sababu umeme ulikatika saa saba na haukurudi hadi saa kumi alfajiri. Mimi nilikuwa nimelala. Plagi ilikuwa ukutani, lakini ukuta haukuwa na umeme. Nilirudi nyumbani nikabadilisha kichwa cha safu ya tatu. Sikuandika tena "plagi ilichomolewa", niliandika "umeme ulikosekana", na mistari yote mitano ikakubaliana, na minne iliyofuata pia.

Kwa hiyo safari za bajaji hazikuwa na kosa la kutikisa, wala soketi za nyumbani kwangu hazikuwa na ubaya. Kila nilipoibeba kompyuta kwenda au kurudi kwa fundi niliinyima umeme kwa dakika arobaini hivi, na hizo zilitosha kuifanya isahau.

Kilichobaki ni kujua kumbukumbu inayosahauliwa iko wapi. Nilikuwa nimewahi kuhisi kwamba kabla ya nembo ya mtengenezaji kuna kitu kinamulika, lakini kioo cha kompyuta yangu ni cha zamani na huchelewa kuamka. Jumatatu ya tarehe 4 Desemba, baada ya usiku wa kuchomoa, niliwasha kioo kwanza kikapata moto, nikaegemeza simu kwenye sufuria mbele yake, nikaanza kurekodi video, kisha ndipo nikabonyeza swichi. Nilipoirudisha video polepole na kuisimamisha, kwa muda usiozidi sekunde moja palikuwa na mstari wa maandishi meupe kwenye weusi: CMOS checksum bad. Nilimpigia simu mdogo wangu aliyeko Mwanza, anayeshughulika na mitambo ya mawasiliano, nikamsomea. Alicheka kwa furaha, akasema, "Dada, hapo umemaliza kazi. Fungua sipiyu, tafuta betri ya duara kama sarafu. Imekufa."

Alinieleza kwa muda mrefu, na katika maelezo yake nilikuta jambo lililonigusa kama mtunza hesabu. CMOS ni jina walilozoea mafundi kuiita ile kumbukumbu ndogo iliyo kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, mbali kabisa na diski, ambamo mipangilio ya BIOS huandikwa. Kompyuta binafsi ya IBM ya mwaka 1981 haikuwa nayo, ilikuwa ikiuliza tarehe kila inapowashwa. Ile ya AT ya mwaka 1984 ndiyo iliyokuja na saa yake yenyewe yenye betri pamoja na baiti 64 za kumbukumbu. Mipangilio inapohifadhiwa, mashine huijumlisha na kuiandika jumla hiyo pembeni. Kila inapowashwa huijumlisha upya, na jumla isipolingana na ile iliyoandikwa huhesabu kwamba daftari lote limeharibika, hulitupa, na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Kwangu mimi kiwandani maana yake ilikuwa tarehe 1 Januari 2012 na IDE.

Kumbukumbu hiyo pamoja na saa, inayohesabu mitetemo 32,768 ya kipande kidogo cha kwatzi kwa kila sekunde, huhitaji umeme wakati wote. Kompyuta ya mezani ikiwa imezimwa lakini imechomekwa, pawa saplai yake, kifaa cha ndani kinachoigawia umeme, huendelea kutoa volti 5 za kusubiri, na betri hupumzika karibu kabisa. Ukichomoa, mzigo wote huangukia betri. Betri hiyo aina ya CR2032 ina volti 3 na akiba ya takriban milliampia-saa 220, nayo saa hutumia mikroampia chache tu. Ukichukua tano, akiba hiyo ingedumu saa 44,000, ambazo ni miaka mitano mfululizo bila umeme wa ukutani. Yangu ilikuwa na miaka 11. Kwa miaka mingi ilikuwa imepumzika kwa sababu sikuwa na kawaida ya kuchomoa, hadi mgao ulipokuja na mimi nikaanza kuitoza zaidi ya saa 12 kila siku. Ilipoanza kudhoofika iliweza kushikilia mipangilio lakini si kuendesha saa, ndiyo maana saa ilisimama kila nilipochomoa na risiti za tarehe 4 zikachelewa kwa siku tatu. Ilipodhoofika zaidi ikaachia vyote.

Kesho yake nilichomoa umeme, nikabonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde kadhaa ili mabaki ya umeme yaishe, nikashika chuma cha boksi kwa mkono mtupu kabla ya kugusa chochote cha ndani. Betri niliipata chini kidogo ya nyaya za diski. Ina kishikizo kidogo cha chuma upande mmoja. Nilikisukuma kwa ncha ya bisibisi nacho kikairusha juu. Uso wake wenye alama ya kujumlisha ulikuwa umefifia na una vumbi lililoganda ukingoni. Fundi redio wa mtaani aliipima kwa mita yake ikasoma volti 2.1. Fundi saa wa sokoni aliniuzia mpya kwa shilingi 2,000, naye aliniambia kwamba namba zenyewe ni vipimo, milimita 20 za upana na 3.2 za unene, kwa hiyo nisikubali CR2025 hata kama inaonekana kuingia, kwa kuwa ni nyembamba na huweza kulegea kwenye kiti chake.

Niliiweka alama ya kujumlisha ikitazama juu, nikawasha, nikaingia BIOS, nikarekebisha tarehe na saa, AHCI, na mpangilio wa kifaa cha kuanza nacho, nikahifadhi. Wenye kompyuta mpya ambazo diski yake imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, wawe na tahadhari moja zaidi: mipangilio ya BIOS ikibadilika, Windows huweza kuomba ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, na asiye nao hatafungua diski yake. Uandikeni mahali kabla hamjagusa betri.

Sikuitangazia familia kwamba imepona. Niliichomoa usiku wa Jumanne na tena usiku wa Jumatano, na mara zote mbili ikawaka bila swali. Wiki iliyofuata nilizipitia risiti zote za Oktoba na Novemba nikizilinganisha na daftari la mahudhurio, nikazichapa upya zilizokosewa.

Jumamosi ya tarehe 16 Desemba ndiyo ilikuwa siku ya mgawo. Umeme ulikuwa umekatika tangu Ijumaa jioni, na wanachama walipoanza kufika na viti vyao barazani ulikuwa bado haujarudi. Ulirudi saa nne na robo. Nilichomeka plagi, nikawasha, nikaweka simu yangu pembeni ya kioo, na Windows ilipofunguka saa zote mbili zilisoma dakika ile ile. Nikaanza kuchapa kwa kufuata orodha. Yule mwanachama wa Dodoma alipopokea risiti yake hakuanza na kiasi alichopata. Aliinua karatasi kwenye mwanga, akasoma tarehe kwa sauti, "kumi na sita Desemba elfu mbili ishirini na tatu", kisha ndipo akateremka kwenye jumla.